Ukoko Kwenye Mfongo

Alhamisi, Julai. Ukungu tangu asubuhi. Mlima hatujauona siku ya nne leo.

Nisameheni kwa kukaa kimya hivi. Nilisema nikipanda kambini nitaandika kila siku kwenye daftari, halafu Jumamosi nishuke Moshi mjini kwenye intaneti nipachike hapa. Jumamosi mbili zimepita. Mwanzoni ilikuwa kazi kweli: watoto arobaini wa kuwapikia, na Eliya wangu mgongoni anaota meno. Tangu Jumanne siyo kazi tena. Nikishika kalamu najua kitakachotoka.

Kambi yetu iko juu ya Uru, jirani na msitu. Watoto wa mjini wanakaa wiki tatu za likizo kwenye mahema, wanapanda miche, wanajifunza kutunza msitu na maji. Mimi ni mpishi, na saa nne nawafundisha usafi wa kambi.

Pembeni ya jiko unapita mfongo, ule mfereji waliouchimba mababu kuleta maji toka msituni hadi kwenye vihamba vya chini, mashamba yetu ya migomba. Nimezaliwa Uru hii hii. Sheria ya mfongo niliijua kabla ya kusoma: jua likiwa halijatoka, maji ni ya kunywa, hata mkono hutumbukizi. Zamu za kumwagilia migomba zinakuja baadaye.

Nilijua.

Shimo la maji machafu liko nyuma ya mahema, chini ya mteremko wenye utelezi. Usiku wa kuamkia Jumapili Eliya alinikeshesha. Alfajiri, naye akiwa mgongoni, nikaitazama sufuria kubwa ya wali niliyoiloweka na sabuni usiku kucha, nikautazama mteremko, nikaimwaga kwenye mfongo. Hakuna aliyeona. Jumatatu nikamwaga tena. Ya Jumanne sikuwaza hata.

Jumanne hiyo, uji haujaiva, akapanda Bibi Manka, mwenye kihamba cha kwanza chini yetu. Ndoo kichwani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akaitua ndoo mbele ya Mwalimu Materu, mkuu wa kambi. Povu tupu, na vipande vya ukoko vinaelea.

"Mwalimu, nimekuja kushukuru kwa chakula. Wali mzuri, ila sabuni imezidi."

Mwalimu akaanza kuomba radhi. Bibi akamkata: "Ng'ombe wangu amekataa kunywa. Na ng'ombe hajasoma."

Paredi ikaitwa. Nani amechafua mfongo? Halafu mtoto mmoja akasema wiki ya kwanza Anita alionekana akifua soksi pale. Anita ana miaka tisa. Alikuja na pea moja.

"Soksi ni mimi," alisema. "Wali siyo mimi."

"Labda soksi zako zilikuwa na njaa!" wenzake wakamtania, wakacheka mpaka basi. Mwalimu akaamua hema la akina Anita halitakwenda maporomoko ya maji siku ya Ijumaa. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. Nikaendelea kukoroga uji.

Niliendelea kukoroga.

Wakati wa kugawa, nikamwongezea Anita kijiko kizima cha sukari. "Asante mama," akasema. Wa kwangu nikaurudisha sufuriani.

Leo kwenye somo niliuliza kama kawaida: kabla hujamwaga kitu, unakumbuka nini? Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Anita. "Kuna mtu chini." Ni maneno yangu. Nimewafundisha mimi, wiki mbili nzima, kwa sauti ya kujiamini.

Alasiri nikamfuata Mwalimu, nikamwambia yote, asubuhi zote tatu. Akasema taratibu, "Mama Eliya, tuyaache hapa hapa. Nitawaruhusu waende maporomoko, yataisha. Ukisimama mbele ya watoto, nani atakusikiliza tena?"

Nilikaribia kusema asante. Siwafichi. Ni mtu mwema, alikuwa ananifungulia mlango. Lakini Anita angekwenda maporomoko kama mtoto aliyesamehewa, na hana kosa la kusamehewa.

Nikamwambia hivyo. Akakuna kichwa. "Na Bibi Manka akisema uondoke?"

"Nitafungasha, Mwalimu."

Nilisema kwa ukali. Sina kazi nyingine. Eliya alikuwa anacheza na kitufe cha shati la Mwalimu.

Kesho kwenye paredi nitasema mwenyewe, nikimtaja Anita kwa jina, wasikie wote waliocheka. Halafu nitashuka kwa Bibi Manka na isale, lile jani tunalobeba huku tukienda kuomba msamaha. Ukiletewa isale hukatai kusamehe, ndivyo tulivyolelewa. Na hilo nalo linanitia aibu: namwendea mama mzee na jani lisilomwachia nafasi ya kunikatalia. Kwa hiyo sitalipeleka kabla sijaanza kuchimba shimo jipya, hapa karibu na jiko, hatua chache, ili asubuhi ya usingizi isinipe sababu.

Dada Dorice, unayenisoma huko Dar, uliuliza utume nini kwa basi. Nilikuwa naona aibu kujibu. Jembe moja lenye mpini, letu limelegea. Ndoo mbili zenye mifuniko. Chujio pana la kukamatia makombo. Buti za mvua, namba yangu unaijua. Dawa ya fizi ya Eliya, ile ya kupaka. Na soksi za mtoto wa miaka tisa, pea tatu, rangi yoyote.

Isale usihangaike. Masale yameota hapa mpakani mwa kambi, na langu nimeshalichagua.