Vikeki vya Karanga vya Boma

Ifakara, Desemba 1905

Mpwa wangu Wendelin,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mpunga wa mama yako umeota vizuri, na mimi sasa ndiye mpishi mkuu wa Wajerumani. Vikeki vyangu vya kunywea kahawa, kila mtu na chake, juu nimevimwagia karanga zilizopondwa na sukari na siagi, vinamomonyoka mdomoni. Kiboko alitoka mtoni hadi mlangoni kwangu kwa harufu tu!

Juzi niliagizwa vikeki vya wageni. Kuvipeleka bomani, nakuta kamba ya kitanzi mtini, na chini yake mdogo wako Kasmiri kafungwa mikono. Nikawaomba Wajerumani nimpe kimoja. Wakacheka, wakakubali.

“Kula, mwanangu.”

“Hapana, mjomba. Nimekunywa maji ya dawa ya vita, na mafuta ni mwiko. Nisipokula, kamba itakatika.”

Alitabasamu kabisa, Wendelin.

Haikukatika.

Mama yako anadhani Kasmiri yuko Mahenge. Kila nikienda kumwambia, najikuta nasimulia habari za kiboko. Njoo umwambie wewe.

Mjomba wako,
Severini