Mkataba Uliokaa Darini

Jumatatu, 3 Machi
Etterbeek, Ubelgiji, saa mbili asubuhi. Nimemwogesha Madame Klara, bibi ninayemtunza. Uji kala nusu. Tukiwa kwenye kuchana nywele, simu. Mwanamume, Kifaransa cha Lubumbashi. Amenunua nyumba Berchem-Sainte-Agathe, upande wa pili wa jiji. Mafundi walipobomoa dari, zikaanguka karatasi zenye jina la Klara na la baba yake. Ofisi ya nyaraka ndiyo iliyompa namba yetu.

Nikamweleza Klara. Akakataa.

"Azitupe. Sitaki kitu cha mtu aliyeniacha."

Jumanne, 4 Machi
Siwezi kufikiria jambo lingine.

Baba yake alikuwa wakili, Myahudi. Wanazi walipoiteka Ubelgiji walimfuta kwenye orodha ya mawakili. Mahakamani asikanyage. Kisha nyota ya njano kwenye koti, alama ya Wayahudi. Kisha watu wakaanza kukamatwa. Klara alikuwa na miaka mitano. Baba akampeleka kwa jirani Mkatoliki, kwenye nyumba hiyohiyo aliyoinunua mtu wa simu, akaondoka bila kugeuka. Akakamatwa. Akapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji, hakurudi. Jirani naye akafa kabla ya vita kwisha, Klara akalelewa kwenye kituo cha yatima. Sasa ana miaka themanini na minane. Anachokumbuka ni mgongo wa baba yake tu.

Nina hasira. Nami nilikuwa wakili, Bukavu, kabla ya kukimbia. Najua kufukuzwa kazini mwako kama mwizi. Karatasi hizo hazitupwi.

Nimembembeleza mchana kutwa. Saa kumi akasema, "Nenda wewe. Mimi siendi."

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda! Metro, kisha tramu. Mwenye nyumba anaitwa Papa Déo, mtu mzima, vumbi la chokaa hadi kwenye nyusi. Ameifunga bahasha kwa kitambaa safi.

"Maman Furaha, nilisema, bon, hii haiko ya kwangu. Iko na jina ya mutoto. Donc, mutoto ataipata, hata akiwa muzee."

Kurasa mbili. Wino umefifia, unasomeka. Nilidhani ni barua. Siyo. Ni mkataba! Wakili na jirani, vifungu saba, sahihi mbili. Amefutwa kazi, anawindwa, na bado anaandika mkataba wa malezi kwa utaratibu wote. Kifungu cha pili: mtoto apewe maziwa ya moto, si ya vuguvugu. Cha nne: asiambiwe kwamba ameachwa. Nilipofika cha sita nilipiga kelele. Papa Déo akaja mbio akidhani nimeumia.

Bila shaka jirani aliuficha. Karatasi yenye jina la mtoto wa Kiyahudi ingewaua wote wawili. Akafa na siri yake.

Kwenye tramu nilishindwa kuketi. Nimesimama njia nzima, bahasha kifuani.

Ijumaa, 7 Machi
Nina woga. Moyo wake ni dhaifu. Je, nikimuua kwa furaha?

Baada ya chakula cha mchana nikamwambia, "Madame, ni mkataba. Unakuhusu wewe." Akazima redio. "Soma."

Nikasoma kama nilivyokuwa nikisoma mbele ya jaji, wima. Kifungu cha sita:

"Mimi baba sitageuka nikiondoka, kwa kuwa nikigeuka nitamchukua, na nikimchukua atakufa."

Akasema, "Rudia." Nikarudia. Mara nne. Akaichukua karatasi, akaiweka usoni, akalia kwa sauti sijapata kuisikia kwake. Mimi pia. Mapigo ya moyo nikapima: mazuri. Nikacheka huku nalia. Nimempigia Papa Déo, naye akapiga vigelegele kwenye simu, mwanamume mzima!

Nina furaha. Niandike hivyo tu. Nina furaha sana.

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Kanisani sikwenda.

Klara amekaa karibu na dirisha. Bila kuulizwa, akaanza kunieleza: baba yake alikuwa akiimba puani akimfunga kamba za viatu. Wimbo gani, hajui. Viatu vilikuwa vyekundu. Baba alikuwa na vidole virefu, vyenye wino.

Sikumkatiza. Amezungumza hadi chai ikapoa.