Geti Limetangulia, Maji Yako Wapi?

Jumanne, Woolwich, London. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, na mimi nimenuna kuliko hilo wingu.

Leo nina hasira. Ngoja niandike, nisije nikamfokea mtu asiyehusika.

Mnaonisoma mnajua tumenunua eneo kijijini kwetu, mkoani Dodoma, ili Mama ahamie kabla ya kiangazi kijacho. Mpango tuliupanga familia nzima kwenye grupu, tukaelewana. Maji kwanza. Mtaalamu alishapima, akachomeka kigingi pale pa kuchimba kisima. Kisima kikitoa maji, tunaweka tangi juu ya mnara, ndipo tunajenga nyumba ya Mama: vyumba viwili, choo na bafu ndani, ngazi hakuna kwa sababu ya goti lake. Msimamizi ni mdogo wangu, Elia.

Leo mchana nimetoka kumwogesha bibi mmoja pale kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, nikafungua simu. Elia katuma picha.

Geti.

Yaani geti la chuma, jeusi, lina maua ya rangi ya dhahabu, nguzo mbili za zege, na juu ya kila nguzo simba wa saruji. Ukuta hakuna. Uzio hakuna. Kwenye picha mbuzi wa jirani wanapita pembeni, hawana hata habari nalo. Kigingi cha kisima kiko palepale, hakijaguswa. Hela ya kuchimba ndiyo imekuwa simba.

Nikampigia hapohapo kwenye korido, wenzangu wananitazama. Ati, "Dada, watu watasemaje? Uko London halafu huna geti?" Jamani! Kila anayejenga akiwa huku, ndugu zake huanza na geti. Tunalijua hilo, na wengine tumewacheka sana. Leo zamu yangu.

Halafu nikauliza swali ambalo bora nisingeuliza. Zege mmechanganya na maji gani?

Akasema, "Mama alitusaidia kidogo."

Mama! Mwenye goti lile! Kashuka korongoni, kafukua mchanga, kasubiri maji yajikusanye, kapanda na ndoo kichwani, siku baada ya siku, ili simba wapate pa kukaa. Mimi huku nafungulia bomba nawaogesha mama za watu kwa maji ya moto, mama yangu kule analichotea geti maji. Elia ni ndugu yangu wa tumbo moja na nampenda. Leo nimemchukia.

Nikampigia Mama kwa video nimpe pole. Pole yenyewe hakuitaka. Alikuwa anacheka, kasimama palepale getini, kavaa kitenge kipya. "Maji nimeyachota tangu mtoto, mwanangu. Geti sijawahi kuwa nalo."

Nikamwambia geti halinyweki. Akasema anajua. Akaniomba nisimgombeze Elia. Nilikata simu nikaenda kulia chooni, na hasira haikupungua, tena sasa nilimkasirikia na yeye pia, kwa kufurahi vile.

Nimemwandikia Elia: hakuna tofali wala bati mpaka maji yatoke ardhini, na ukimtuma Mama korongoni tena, mimi na wewe tusijuane. Kanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba!

Kesho naomba likizo. Nikifika, asubuhi ya kwanza tutashuka korongoni mimi na Elia, yeye mbele, ndoo kichwani, mchana kweupe, kijiji kizima kione. Mama atakaa getini kwake, kwenye kiti, akitusubiri.