Kabureta Niliyoisetia Lukozi

Mume mwenzangu Rashidi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako, huyo mke tunayemgombania, hajambo. Anavuna maharage huku akinisema.

Unauliza ununue sensa gani ya oksijeni, hicho kipimo cha moshi wa ekzosi, ya kusetia injini. Mimi nasikiliza kwa sikio tu, na hakuna injini iliyowahi kunishinda.

Haya, nimedanganya. Magari ya mtumba yalipoanza kuingia, shemeji yangu Salimu alinunua pikapu ya kubebea kabichi. Nikaiseti kabureta hapa Lukozi mlimani, nikapunguza mafuta mpaka injini ikanguruma kama paka aliyeshiba. Nilisahau kwamba huku juu hewa ni nyepesi; kule chini ni nzito na inadai mafuta zaidi. Kufika Mazinde bondeni, pistoni ikatoboka.

Salimu alirudi juu ya lori la watu. "Shemeji, umenitengenezea gari la kwendea mbinguni! Mimi nilikuwa nakwenda sokoni!"

Msimu mzima tulibeba matenga kichwani, yeye mbele, mimi nyuma na sikio langu.

Kwa hiyo sensa inayosema tu mafuta ni mengi au machache, niachie mimi na sikio langu. Chukua inayoonyesha kiasi hasa, unayoweza kuirekebisha kwa hewa ya mahali ulipo. Kisha panda nayo mlima, ushuke, ndipo umkabidhi mtu gari lake.

Ukija, nirudishie bisibisi yangu ya mpini mwekundu uliyoondoka nayo siku ya Idi. Salimu ameniletea kabureta nyingine, ila safari hii kasema tutashuka wote.

Babu yako