Tuta Langu la Maharage

Mpendwa Dada Neema,

Salamu kutoka Msanzi, ambako upepo wa Ufipa hunivalisha koti hata saa sita mchana. Najua baba anasubiri jibu langu kuhusu ile nafasi ya kuongoza ofisi.

Hapa watu hufukia majani ndani ya matuta ya mviringo, kisha hupanda maharage juu yake. Nilimpinga mwenyeji wangu, Mama Sabina, kwa hoja za vitabu vitatu, naye akaniachia tuta moja nilime bila majani. Mvua ilipokoma, maharage yangu yalinyauka, huku yake yakichanua.

"Mvua imekatika mapema," nikajitetea.

"Kwani kwangu bado inanyesha, msomi?"

Wenzake waliokuwa wakilima naye walicheka hadi wakaegemea majembe. Akauzamisha mkono wangu ndani ya tuta lake: udongo ulikuwa baridi, wenye unyevu.

Mwambie baba nimeikataa ofisi. Kule wote wangeniitikia "ndiyo, bosi", nami ningezeeka na ujinga wangu. Nabaki msimu mzima miongoni mwa watu wanaonizidi akili. Mtulize kwa chai, na Mungu akutunze wewe utakayefokewa kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Gaspari