Yule Anayesoma Bahari

4 Julai

Mama Pacha, mke wangu,

Habari za hapo nyumbani? Wanangu wanaendeleaje, na kile kikohozi cha yule mdogo kimekwisha? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kila nikiinua sufuria kubwa. Tumekaribia visiwa kupakia chumvi ndiyo maana simu imeshika mtandao. Nakuandikia chapuchapu kabla nahodha hajaulizia chai.

Usiwe na wasiwasi na bahari. Redio ya chumba cha usukani imekufa kabisa, na mwenye meli kila siku anasema ataleta nyingine. Basi natumia ile yangu ndogo ya jikoni. Alfajiri nikichemsha maji namsikiliza yule dada wa hali ya hewa, nayaweka kichwani, halafu nampelekea nahodha pamoja na kikombe chake. Meli nzima inategemea kichwa cha mpishi, hebu fikiria. Leo amesema mashariki ya bahari kuu kuna mawingu ya mvua yanasogea magharibi polepole, katikati kumejaa vumbi la jangwani kwa hiyo hakuna tufani inayoweza kukua huko, ghuba imetulia, na hii bahari yetu ndogo ina mawimbi ya mita mbili tu. Ana sauti ya kutuliza, huyo dada. Hata akitangaza radi unaona sawa. Humu melini tumembatiza Sukari.

Wabusu mapacha.

Mumeo,
Baba Pacha

7 Julai

Baba Pacha,

Salamu zako zimefika. Watoto wazima, kikohozi kimekwisha. Nimepata kazi ya kushona sare za shule, cherehani haipoi, na chumba cha mbele kimejaa kaptula mpaka hakuna pa kukaa.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Umeuliza kikohozi, umenieleza mgongo, halafu Sukari ukampa aya nzima. Mimi hukuniuliza hata kama nimekula. Na nani aliyembatiza, ninyi wote au wewe? Maana miaka yote hii sauti yangu hujawahi kuniambia inatuliza. Ulichoniambia ni kwamba inafika sokoni bila nauli.

Mkeo,
Mama Pacha

16 Julai

Mke wangu mpenzi,

Umeamkaje, umekula? Haya, nimeuliza. Nimecheka mpaka nikaunguza vitunguu. Yule ni sauti tu, mama. Simjui sura, hanijui jina. Anaweza kuwa bibi wa watu mwenye wajukuu kumi. Ingawa kwa kumsikia nadhani ni wa makamo yako hivi. Jana alikuwa na mafua, masikini, akawa anakohoa katikati ya habari za ghuba, tukamhurumia wote humu. Nilitamani nimpelekee tangawizi.

Mumeo akupendaye,
Baba Pacha

17 Julai

Baba Pacha,

Nilipojifungua mapacha hukuniletea tangawizi. Ulileta samaki ukaniuliza nitampika saa ngapi.

Sasa sikiliza, na wala sitanii. Jana nilifungua redio alfajiri nimsikie huyo mwenzangu. Nimemsikia. Anasema "mabaharia wapendwa". Wapendwa, na mume wangu yumo humo. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikalia, na mteja akanikuta hivyo hivyo. Nina wivu, naam, na sioni aibu. Wewe uko nami miezi mitatu kwa mwaka, yeye anakupata kila siku kabla hujanawa uso.

Niapie kwa vichwa vya wanao kwamba hutamsikiliza tena. Usiponiapia, ukirudi utakuta mlango una kufuli, na wala sitakuwa nimehama.

Mama Pacha

29 Julai

Mama Pacha,

Salamu. Nimekaa na ujumbe wako moyo ukiniuma. Sikujua kama jambo hili limefika huko.

Basi naapa kwa vichwa vya wanangu wawili, simsikilizi tena. Redio nimeifunga kwenye mfuko wa unga, na nahodha nimemwambia imekufa. Tutaangalia mawingu kwa macho kama walivyofanya waliotutangulia. Roho yako itulie sasa. Tunatoka kesho na shehena ya saruji, tunakata bahari ndogo hadi ng'ambo. Mtandao hautakuwepo mpaka tufike.

Mumeo,
Baba Pacha

30 Julai

Mume wangu,

Ahsante. Leo nimeshona huku nikiimba, mpaka fundi viatu wa hapo nje akauliza kama nimeolewa upya. Safari njema. Nimekushonea shati la bluu, nakuwekea.

Mkeo mwenye furaha,
Mama Pacha

12 Agosti

Baba Pacha,

Uzima kwanza, natumaini u mzima. Ujumbe wa tarehe thelathini naona bado hujaufungua.

Mimi sikuacha kumsikiliza. Nilisema nimchunge. Leo Sukari wako kasema mawingu mengine ya mashariki yamepita chini ya lile vumbi, yamejikusanya, mgandamizo wa hewa katikati yake umeshuka, na kesho kutwa itakuwa tufani kamili ndani ya bahari ndogo. Kasema meli zote ndogo ziingie bandari ya karibu leo hii. Akarudia. Huwa harudii.

Toa redio kwenye unga. Nimekufungua kwenye kiapo, nimekufungua mbele ya Mungu. Msikilize huyo mwanamke.

Mkeo

13 Agosti

Baba Pacha, washa redio. Anasema mawimbi ya mita saba. Nakuomba.

16 Agosti

Mume wangu,

Nimekwenda ofisi ya mwenye meli. Karani kaniambia nisubiri kama wenzangu. Nikataka kumwambia kwamba mimi si kama wenzangu, kwamba meli ile haina masikio kwa sababu yangu. Nikashindwa, nikarudi nyumbani.

Tufani imepita usiku wa kuamkia jana. Alfajiri nimekaa na redio mapajani na watoto wamelala. Yule mwanamke alisema wanaowangoja watu wao wasikate tamaa. Nimemwomba msamaha kwa sauti, nikiongea na redio. Na bado nina wivu, wallahi, kwamba yeye anaijua bahari uliyomo na mimi siijui.

Nijibu hata neno moja.

Mama Pacha

20 Agosti

Mama Pacha, mke wangu,

Niko hai. Tuko hai sote. Mtandao wa bandari hii ulikuwa umekatika hata kabla ya tufani, kisha minara ya simu ikaanguka, leo ndiyo imesimama. Jumbe zako zimeingia zote kwa mkupuo nikakaa chini kwenye gati.

Tuliingia bandarini tarehe kumi na mbili, saa chache baada ya habari za alfajiri. Nahodha nilimpelekea na chai yake, kama siku zote.

Umeshaelewa. Redio haikuingia kwenye unga. Ningeweza kukuambia nilifanya hivyo kwa ajili ya meli, lakini nimechoka kukudanganya. Niliizima asubuhi moja. Ya pili nikaiwasha chinichini nikajifunika taulo, kwa sababu nilitaka kumsikia. Niliapa kwa wanangu huku nikijua sitaweza.

Nisamehe. Tunafika nyumbani Jumapili.

Baba Pacha

21 Agosti

Baba Pacha,

Nimepiga kelele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Nikawaambia hapana, mume wangu ni mwongo. Wakanitazama nikicheka na kulia, wakaondoka.

Ungekuwa mtu wa kiapo leo ningekuwa mjane, na aliyemuua mume wangu ni mimi. Hilo nalijua. Uongo wako nimeushukuru nikiwa nimepiga magoti sakafuni kati ya kaptula. Lakini na hili najua sasa. Nikikuuliza jambo lolote, leo au uzeeni, ukanitazama machoni ukaapa kwa wanao, sitakuwa na njia ya kujua. Nilikuwa na mume ninayemwonea wivu bila sababu. Sasa sababu umenipa wewe mwenyewe, umeniandikia kwa mkono wako.

Sikufungii mlango. Jumapili tutakuja gatini, mimi na watoto, na nitakukumbatia mbele za watu. Tukifika nyumbani usiniapie kitu.

Mkeo,
Mama Pacha