Dramu Zako Nimeziwamba Ngozi ya Mbuzi

Mjomba,

Shikamoo. Naiandika halafu naacha mstari mmoja mtupu, marahaba yako ikae hapo.

Ni mimi Asha, mtoto wa dada yako. Mara ya mwisho kukuandikia barua nilikuwa darasa la tano, wewe uko Morogoro mjini na bendi. Nilikuomba viatu vya shule, ukaniletea fimbo mbili za kupigia dramu. Viatu nilivipata mwaka uliofuata. Fimbo ninazo mpaka leo.

Mwezi wa tano huu tangu tukuzike. Zaituni wangu anatembea, anaanguka, anainuka anacheka. Mama anasema hajambo lakini chai yako bado anaimimina, akishtuka anainywa mwenyewe. Kuna jambo moja nimelifanya litakuuma, Mjomba. Nitalisema. Ila sitalisema kwanza, maana ukilisikia kwanza hutasoma mpaka mwisho, nakujua.

Unakumbuka ulivyozileta zile dramu Mkuyuni? Ukumbi wenu uligeuzwa ghala, vyombo vya bendi vikatupwa nje pamoja na mabati. Ukaja nazo juu ya gari lililokuwa limetoka kushusha ndizi mjini, umezikumbatia kama mtu anayerudi na mgonjwa. Ulisema utazitengeneza. Halafu kiharusi kikauchukua upande wako wa kulia, zikaingia bandani, kuku wakahamia. Ukaniambia, "Asha, hizo zimeshakufa, waachie kuku."

Ulisema uongo. Kila asubuhi ulikaa na kigoda mlangoni mwa lile banda, na mguu wako mzima ulikuwa unapiga chini. Mimi nafua huku nakufuata kwa kugonga ndoo, wewe mguu unapiga. Nikikosea kugonga ndoo unaniambia, "Rudia. Tu, ka. Tu-tu, ka. Usikimbie, hakuna anayekufukuza."

Sasa sikiliza. Baada ya hitma ya arobaini walikaa kugawa vitu vyako. Kaka yako, Mjomba Shabani, alisema banda analitaka aweke magunia ya mdalasini, na zile dramu atawapa watu wa vyuma chakavu. Nikasema hapana. Nilisema hivyo hivyo, hapana, mbele ya wazee, mtoto ananyonya. Nikasema kwetu Waluguru vitu vya mjomba vinakwenda kwa mpwa, na mpwa wake ni mimi.

Watu wakacheka. Mjomba Shabani akaniambia, "Mpwa ni wewe, sikatai. Utazifanyia nini, utapikia?"

"Nitazipiga."

Mama akainamia mkeka. Nadhani alikuwa anaficha kucheka, au kulia, kwake vinafanana.

"Haya," akasema kaka yako. "Gari la vyuma linapita Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Zikilia kabla ya hapo ni zako. Zikiwa bado ni makopo, zinapanda gari. Na sitaki kusikia mtu analia."

Sikulia. Nilikwenda kuwafukuza kuku.

Mjomba, zilikuwa chafu, sitakudanganya. Dramu kubwa ya mguu ilikuwa kiota, na mbao yake imepasuka ufa wa kuingiza kidole. Ndani nilikuta koti lako la bendi, lile la kijani, ulilokuwa unalijaza mle ili sauti isipige mwangwi. Kuku walikuwa wanatagia juu yake. Nililitoa nikalishika puani. Lilinuka kuku, Mjomba, kuku mtupu, lakini kwenye kwapa ulikuwepo wewe kidogo. Nikakaa chini pale pale.

Chuma nilikisugua kwa limao na majivu mpaka vidole vikachubuka. Nati zilizogoma nilizilaza kwenye mafuta ya taa siku mbili. Ufa niliupaka gundi ya mbao nikaufunga kwa mpira wa baiskeli. Ndani ya ile ndogo kuna karatasi imebandikwa, ina maandishi ya Kijapani, yanafanana na vijumba vidogo vimejengwa kwa njiti. Ile karatasi sikuigusa. Aliyeibandika hakujua atasomwa na mtu asiyejua kusoma vijumba.

Bombani wanawake walikuwa hawanyamazi. "Asha, leo umechemsha nini, nati?" "Baba Zaituni akirudi kutoka Ngerengere atakuta mke amegeuka mpiga bendi." Nilimwambia mwenyewe kwa simu kabla hawajamfikia. Akasema, "Piga, ila mtoto asiwe kiziwi." Ndiyo maana niliolewa naye. Wale nikawauliza, nilipotolewa mwali ni nani walionipigia ngoma, si mabibi zetu? Dramu ya Kijapani ina nini kinachomkataza mwanamke? Wakahamia kwenye habari nyingine.

Sasa lile la kuuma.

Dramu zako tatu zilibaki na ngozi moja nzima. Mbili panya walishazimaliza. Nilizunguka maduka ya mjini na kipimo cha uzi mkononi, wakaniambia labda Dar, na labda hata Dar vipimo vya zamani hivyo havipo. Basi tegemeo langu likawa ile ndogo, yenye lile doa jeusi katikati ulilolichimba kwa fimbo miaka yote ile. Nilisema hiyo moja ikilia, imelia.

Zilibaki siku kumi na mbili. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani tangu alfajiri, kila kitu kimelowa. Nikaipiga, ikatoa sauti kama mtu anakohoa ndani ya blanketi. Na mimi tangu nazaliwa nimeona ngoma ikilegea inafanywaje. Nikawasha moto wa majani makavu ya migomba, nikaielekeza ngozi motoni, nikawa naizungusha taratibu kama nilivyowaona mabibi.

Ilikuwa plastiki, Mjomba. Nilijua ni plastiki. Mikono ndiyo haikujua. Ilijikunja mara moja kama ngozi ya kuku kwenye mafuta, na lile doa lako likawa tundu.

Nimekuunguzia ngozi yako. Kasirika, una haki. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi, na Mama alikuja akasimama juu yangu akasema, "Ngoma unaitengeneza kama ngoma halafu unalia? Si uende kwa mtu wa ngoma. Mbuzi wamekwisha?"

Kesho yake nikambeba Zaituni mgongoni na ile dramu ndogo kichwani, nikaenda Matombo kwa Mzee Kibwana, yule anayewamba ngoma za huko. Nilimwamkia, nikamweleza, akacheka mpaka akashika mti. "Umeanika nailoni motoni, mjukuu wangu?" Halafu akaishika ringi ya chuma inayobana ngozi akaigeuza geuza, kicheko kikaisha. "Hawa Wajapani wana akili. Mimi nahangaika kupigilia vigingi, wao wameweka nati." Akanitolea ngozi tatu, ile kubwa ya beberu, akakataa kunifanyia. Alisema mwenye ngoma awambe mwenyewe, asije akaja kumlaumu mtu.

Niliwamba mwenyewe. Niliziloweka, nikazinyoa manyoya kwa wembe, nikazizungusha kwenye ringi zikiwa mbichi, nikakaza nati moja huku, ya pili ng'ambo yake, kidogo kidogo, kama alivyonionyesha. Zilinuka, na mbwa wa jirani alilala mlangoni kwetu wiki nzima kwa matumaini. Ukungu haukuondoka, ngozi zilikauka shingo upande. Ijumaa jioni nati ya mwisho ilikazika, na mimi sikujaribu hata kugonga. Niliogopa.

Jumamosi gari lilifika mapema. Mjomba Shabani akatoka na kandambili zake, akanikuta uani nimewasha moto tena, dramu tatu zimeuzunguka.

"Unachoma ushahidi?"

"Nazipasha, Mjomba."

"Ulizipasha majuzi, tukasikia harufu."

"Hizi ni za mbuzi. Hizi zinajua moto."

Nikazipapasa kwa kiganja mpaka zikaanza kujibu. Nikakaa kwenye kigoda chako, Zaituni mgongoni kwenye kanga, mguu kwenye pedali ya kupigia ile dramu kubwa, niliyoifunga kwa kipande cha tairi. Mwenye gari ameegemea mlango, Mama amesimama na ufagio mkononi. Nikasema Bismillah. Tu, ka. Tu-tu, ka.

Haikulia kama ya bendi, Mjomba. Ililia chini zaidi, nzito, kama ya bendi iliyokulia Mkuyuni. Nilikosea mguu mara mbili. Nikakusikia, usikimbie, hakuna anayekufukuza, nikarudia. Halafu mikono ikaenda yenyewe kwenye ule mdundo uliokuwa unaupiga kwa mguu mlangoni mwa banda, sijawahi kujua ni wa nini. Zaituni akaanza kunipiga visigino mbavuni. Mwenye gari bega moja likamtoroka.

Mjomba Shabani alisimama tu. Niliangalia kandambili zake, ya kushoto ilikuwa inainuka na kushuka. Nilipomaliza akasema, bila kuniangalia, "Huo alikuwa anaupiga mwisho, watu wakikataa kurudi makwao. Nilikuwa nasimama mlangoni pale ukumbini nikimsubiri."

Kisha akamgeukia mwenye gari. "Hapa hakuna vyuma chakavu. Hebu chukua ile baiskeli yangu, usirudi mtupu." Na kwangu akasema, "Zako. Ila mdalasini utakaa humo humo bandani na dramu zako zitanukia."

Na kweli zinanukia. Kuku walijaribu kurudi, nimewaambia habari zao.

Wale wa bombani wamekuja juzi. Kuna mwali anatolewa mwezi ujao, wanataka nikapige. Waliniambia kwa sauti ndogo, kama watu wanaoazima chumvi. Niliwaacha wasubiri jibu mpaka ndoo zikajaa, halafu nikakubali.

Koti lako nimelifua mara moja tu, nikalirudisha ndani ya dramu kubwa. Ile ngozi niliyoiunguza sikuitupa. Nimeikunja, iko mfukoni mwa koti. Kila nikikanyaga pedali nakugonga kifuani, univumilie.

Lala, Mjomba. Ukilala usiwe na wasiwasi, hazitapanda gari la mtu yeyote nikiwa hai, na atakayezitaka azipashe moto, azipige mbele yangu kwanza.

Na Zaituni akifika darasa la tano, akiniandikia barua ya kuomba viatu, nitampa fimbo. Viatu atasubiri mwaka.

Mpwa wako,
Asha